Soketi ya zamani ikiungua usikimbilie kununua nyingine: uzi wa wenye nyumba za zamani

#1 Binti_Chumbageni

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa mafundi umeme na yeyote anayeishi kwenye nyumba ya zamani.

Niko Tanga, Chumbageni, kwenye nyumba ya familia. Umeme wake ulifungwa kabla sijazaliwa, nyaya zinapita ndani ya mabomba ya chuma yaliyofukiwa ukutani. Soketi nyingi ni hizi za pini tatu bapa, ila chumba cha nyuma bado kina ile ya matundu ya duara.

Sebuleni kuna soketi dabo ambayo upande wake wa kulia umebadilika rangi, umekuwa kahawia. Tukichemsha maji kwa birika la umeme inatoa harufu kama samaki anaungua. Fundi wa mtaani alishaibadilisha, ikaungua tena palepale.

Jikoni friji linapiga shoti ukiligusa ukiwa peku, hasa sakafu ikiwa imetoka kupigwa deki.

Chumba cha watoto soketi haifanyi kazi kabisa, lakini ukiweka testa inawaka matundu yote mawili. Fundi akasema umeme upo, tatizo ni vyombo vyetu. Vyombo hivyohivyo vinawaka sebuleni.

Breka haijawahi kushuka kwa sababu ya mambo haya. Nilikuwa nataka kununua soketi mpya za nyumba nzima, lakini nimeona niulize kwanza.

#2 Fundi_Gerezani

Dada, umefanya vizuri kuuliza kabla ya kununua. Kwa usiku huu: soketi ya sebuleni isitumike kabisa, izimwe na izibwe kwa gundi ya karatasi ili mtoto asiichomeke. Friji lichomoe, na kama kuna vitu vitaharibika peleka kwa jirani. Najua ni usumbufu, ila shoti ya "kidogo" kwenye sakafu yenye maji siyo kidogo.

Sasa tuje kwenye breka, kwa sababu watu wengi wanadhani breka isiposhuka basi hakuna hatari. Breka inaangalia kitu kimoja, kiasi cha umeme kinachopita. Birika la wati 2,200 kwenye volti 230 linavuta kama ampea 9.6. Breka yako ya soketi pengine ni ya ampea 32, kwa hiyo kwake ampea 10 ni kazi ya kawaida. Lakini kama skrubu ya nyuma ya soketi imelegea, pale waya unapogusana na chuma kunakuwa na ukinzani. Chukua ukinzani mdogo tu wa nusu ohmu: ampea 10 mara 10 mara nusu ni wati 50. Wati 50 za joto zimekusanyika kwenye kipande cha chuma kidogo kuliko kucha, ndani ya plastiki, ndani ya ukuta. Hilo ndilo joto la chuma cha kulehemu redio. Breka haioni chochote, kwa sababu umeme haujaongezeka. Hata LUKU yako haitakuonyesha kitu cha kukushtua. Pua yako ndiyo imeona.

Kwa hiyo soketi iliyoungua mara nyingi ni dalili, na ukibadilisha uso wa soketi bila kujua kwa nini iliungua, utabadilisha tena.

Soketi ya watoto: testa ikiwaka matundu yote mawili na chombo hakiwaki, hiyo karibu kila mara ni nyutro iliyokatika, yaani waya wa kurudishia umeme. Moto, yaani waya unaoleta umeme, unafika, unapita kwenye chombo au soketi nyingine iliyochomekwa kitu, unarudi kwenye waya wa nyutro ambao hauna pa kwenda. Ndiyo maana pande zote zinaonekana zina moto. Fundi aliyekuambia umeme upo amesema nusu ya ukweli.

Una mita? Siyo testa, mita ya kupimia volti.

#3 Kijana_wa_Mjini

Mimi nadhani mnamtisha dada. Anunue soketi nzuri, zile nzito, za kampuni yenye jina, afunge, mambo yaishe. Soketi za bei rahisi ndizo zinaungua.

#4 Fundi_Gerezani

Kijana, kuhusu soketi za bei rahisi uko sahihi na nitalirudia. Lakini yeye kaibadilisha tayari na imeungua palepale. Soketi ya gharama ukiifunga kwenye waya ulioungua, itaungua kwa gharama.

#5 Binti_Chumbageni

Mita kaka yangu anayo, ya kawaida ya manjano. Niambieni tunapimaje bila kujidhuru.

#6 Fundi_Gerezani

Sawa. Fanyeni mchana, mmevaa viatu vya mpira, sakafu kavu, mtoto asiwe karibu.

Kabla ya yote angalieni nyaya za mita zimechomekwa wapi. Mweusi kwenye tundu lililoandikwa COM, mwekundu kwenye tundu lenye herufi V. Kama mwekundu uko kwenye tundu la 10A, utoeni. Ukipima soketi mita ikiwa hivyo umeunganisha moto na nyutro moja kwa moja, na watu wameungua mikono na nyuso kwa kosa hilo. Kisha geuzeni kitufe kwenye volti za umeme wa nyumbani, alama ya V yenye kiwimbi, kiwango cha juu, 600 au 750.

Soketi ya pini bapa ukiitazama kwa mbele: tundu la juu ni la ardhi (waya wa kupeleka umeme wa hitilafu ardhini), la kushoto nyutro, la kulia moto. Matundu mawili ya chini yana vifuniko vya ndani vinavyofunguka pini ndefu ya ardhi ikiingia. Msisukume kijiti wala kalamu. Tumieni plagi ya zamani iliyofunguliwa kifuniko, ichomekeni mkiwa mmezima swichi ya soketi, halafu washeni na mguse skrubu zake kwa ncha za mita bila vidole kugusa chuma. Kama hilo linawatia wasiwasi, acheni kabisa na mwite fundi apime mbele yenu. Hakuna aibu hapo.

Mnachotafuta:

Moto na nyutro: karibu 230. Tanga jioni ikishuka mpaka 215 usishangae.

Moto na ardhi: iwe karibu sawa na hiyo ya kwanza.

Nyutro na ardhi: karibu sifuri, volti moja, mbili, tatu.

Ya kwanza ikiwa nzuri lakini ya pili ikawa kitu cha ajabu kama 60 au 110, ardhi haipo. Nyutro na ardhi ikisoma 230, na moto na ardhi ikisoma sifuri, basi moto na nyutro vimefungwa kinyume. Chombo kitawaka vizuri lakini ukikizima kwa swichi ya soketi kitabaki na moto ndani. Ya kwanza ikisoma sifuri na ya pili 230, nyutro imekatika.

#7 StimaNyali

Salamu kutoka Mombasa. Fundi anasema kweli. Sisi huku Mji wa Kale tuna nyumba nyingi za namna hiyo, na ningependa kuongeza juu ya hiyo soketi ya matundu ya duara.

Hizo ni za mtindo wa zamani wa Kiingereza, kabla ya pini bapa kuingia mwaka 1947. Kuna ndogo ya ampea 5 na kubwa ya ampea 15. Plagi yake haina fyuzi ndani. Ulinzi wote uko kwenye boksi la fyuzi, na mara nyingi boksi lenyewe ni la vigae vyeupe vya kauri ambapo unafunga kiuzi cha fyuzi kwa mkono. Dada, fungua hilo boksi (zima meini swichi kwanza) uone kuna nini ndani. Nimekuta mara nyingi mtu kakunja nyuzi za waya wa kawaida badala ya kiuzi cha fyuzi, kwa sababu fyuzi ilikuwa "inasumbua". Hapo hakuna ulinzi tena. Ukuta ndio utakuwa fyuzi.

Na msitumie adapta ya kugeuza duara kuwa bapa halafu mkachomeka pasi. Soketi ya ampea 5 ilikuwa ya taa ya mezani na redio.

#8 Binti_Chumbageni

Shukrani nyingi wote. Tumepima na kaka.

Sebuleni: moto na nyutro 228. Moto na ardhi 103. Nyutro na ardhi 97.

Jikoni: 229, kisha 112, kisha 108.

Watoto: moto na nyutro 17. Nyingine zinabadilikabadilika.

Chumba cha nyuma hatukugusa. Boksi la stima kama anavyosema ndugu wa Mombasa ni la kauri kwa chumba cha nyuma peke yake, soketi nyingine ziko kwenye breka mpya moja iliyoandikwa C32 (ampea 32). Hakuna ile breka ya kukinga watu, yenye kitufe cha T.

#9 Fundi_Gerezani

Vipimo vyako vinasema mengi, dada. Mpe kaka pongezi.

Nyumba yako haina ardhi. 103 na 97 siyo umeme wa kweli, ni waya wa ardhi unaoelea hewani, haujafika popote, na mita ya kidijitali inasoma kivuli cha nyaya za jirani yake. Vivyo hivyo ile 17 ya chumba cha watoto.

Umesema mabomba ni ya chuma. Zamani mafundi walitumia bomba lenyewe kama njia ya ardhi: moto na nyutro ndani, na chuma cha bomba kinarudisha umeme wa hitilafu mpaka kwenye boksi kuu. Kazi nzuri wakati huo, bomba likiwa jipya na maungio yake yamekazwa. Ila wewe uko pwani. Chumvi na unyevu vikiingia kwenye ungio moja tu la bomba, likaota kutu, ardhi ya chumba kizima imekwenda. Taa zinawaka, TV inaongea, hakuna anayejua.

Na ndiyo sababu friji linapiga. Friji lolote linavujisha umeme kidogo sana kwenye bati lake, hasa likishazeeka. Ardhi ikiwepo huo umeme unapita kimya kimya. Ardhi isipokuwepo unasubiri mtu mwenye miguu mibichi. Leo ni mchomo tu wa vidole. Siku waya wa ndani ya friji utakapogusa bati, hautakuwa mchomo.

Kwa hiyo kununua soketi za nyumba nzima sasa hivi ni kupaka rangi mlango wa nyumba isiyo na msingi. Mpangilio wangu ungekuwa: ardhi kwanza, kisha breka ya kukinga watu, kisha nyutro ya watoto, halafu soketi.

#10 MamaTegeta

Samahani fundi, shikamoo. Mimi nina swali la pembeni. Fundi wangu aliniambia nikichimbia chuma cha ardhi nje basi nimemaliza. Ni kweli?

#11 Fundi_Gerezani

Marahaba, mama. Hujamaliza, na hapa ndipo watu wengi wanapoachwa nusu njia.

Chukulia chuma chako kimechimbiwa, na ukinzani wake na udongo ni ohmu 50, kitu cha kawaida kabisa kwenye mchanga mkavu. Moto ukigusa bati la friji, umeme utakaopita ardhini ni 230 gawanya kwa 50, yaani ampea 4.6. Breka ya ampea 32 haitashuka kwa ampea 4.6 hata ukikaa nayo mwaka mzima. Bati la friji litabaki na moto.

Ndiyo maana chuma cha ardhi kinatakiwa kuoana na ile breka yenye kitufe cha T, inayolinganisha umeme unaotoka na unaorudi. Ukiona imeandikwa 30mA, maana yake tofauti ya sehemu 30 kati ya 1,000 za ampea moja ikitokea inakata, kwa muda usiofika theluthi moja ya sekunde. Hiyo ndiyo inayookoa roho. Inafanya kazi hata kama ardhi imekatika, ila hapo itasubiri mpaka umeme upite kwa mtu ndipo ikate, na hatutaki kusubiri hivyo.

Tahadhari mbili. Breka hiyo peke yake haizuii soketi kuzidiwa mzigo, kwa hiyo breka za kawaida zinabaki. Na kitufe cha T kibonyezwe kila baada ya miezi michache. Usipokisikia kikishuka, ibadilishwe.

Chuma chenyewe kichimbiwe penye unyevunyevu, siyo chini ya zege kavu, na kiungio chake kiwe kwenye kishimo chenye kifuniko ili kikaguliwe. Ukinzani wake haupimwi kwa mita ya kawaida, kuna kifaa chake. Mwulize fundi wako anacho au la.

#12 Yakhe_Shangani

Assalaam alaykum. Mie niko Unguja, Mji Mkongwe. Nyumba zetu kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, zinavuta maji kutoka chini hata kiangazi. Boksi la chuma la nyuma ya soketi kwetu halidumu, linaliwa na kutu mpaka skrubu za kufungia uso wa soketi hazishiki. Ukiifungua soketi unakuta shaba imekuwa kijani.

Tulichofanya ni kuacha kuchimba ukuta. Nyaya zinapita kwenye mifereji ya plastiki juu ya ukuta, maboksi ya plastiki, na soketi zimepandishwa juu kuliko zilivyokuwa. Haipendezi kama za kufukia, nakubali, lakini unaona kila kitu. Nadhani Tanga hali si mbali na yetu.

#13 Fundi_Gerezani

Sheikh, wa alaykumu salaam. Ushauri mzuri sana, na kwa dada unaweza kuwa rahisi kuliko kuvuta waya mpya ndani ya bomba lenye kutu. Waya wa zamani ukiuvuta ndani ya bomba bovu unachubuka, na mchubuko huo huuoni.

Sasa kubadilisha soketi yenyewe, maana wengi mmeniandikia pembeni mkiuliza. Nitaeleza kama ninavyowaeleza vijana ninaowafundisha.

Zima meini swichi, siyo swichi ya soketi. Bandika karatasi: "Msiwashe, mtu yuko kazini". Kisha hakikisha. Kipime chombo chako cha kupimia kwenye sehemu yenye moto ili ujue ni kizima kabla hujazima, pima soketi baada ya kuzima, halafu ukipime tena chombo kwenye kitu chenye umeme. Testa iliyokufa inasema "hakuna moto" kila mahali, na imeua mafundi.

Fungua skrubu mbili, vuta uso taratibu, piga picha kabla hujagusa waya. Hesabu nyaya kwenye kila skrubu. Waya mmoja mmoja: soketi ya mwisho wa njia. Miwili miwili: iko katikati, moto unapita hapo kwenda kwa wenzake. Mitatu mitatu: kuna mtu aliongeza soketi nyingine kutoka hapo. Hii ya mwisho ndiyo ninayoishuku kwa soketi ya sebuleni, kwa sababu nyaya tatu kwenye skrubu moja bila kupangwa vizuri, mmoja hubaki umelegea.

Sasa sehemu ambayo mafundi wengi wanairuka. Angalia shaba. Ikiwa nyeusi au imekauka na kuwa ngumu, joto limeiharibu, na skrubu mpya haitaishika vizuri. Ikate mpaka ufikie shaba inayong'aa na plastiki laini ya waya. Ukikuta waya umebaki mfupi, usiuvute kwa nguvu ufike, uongeze kwa kiungio cha skrubu cha ukubwa wake. Na ukikuta ganda la waya ni la mpira unaopukutika kama mkate mkavu, acha hapo hapo. Nyumba hiyo haihitaji soketi, inahitaji kufungwa nyaya upya.

Usifuate rangi peke yake. Nyumba za zamani ni nyekundu kwa moto, nyeusi kwa nyutro, kijani kwa ardhi. Uingereza ilibadilisha kati ya 2004 na 2006 kuwa kahawia, bluu, na kijani chenye mistari ya njano, na kwetu madukani utakuta zote mbili. Kwenye nyumba iliyopita mikononi mwa mafundi wengi nimeona nyeusi ikiwa moto. Pima. Kisha fuata herufi nyuma ya soketi: L moto, N nyutro, E ardhi. Ukumbuke ukiigeuza, kushoto na kulia vimebadilishana.

Menya waya kiasi cha kuingia tu, skrubu ibane shaba na siyo plastiki. Waya mmoja mwembamba kwenye tundu pana ukunje mara mbili. Kaza, halafu vuta kila waya kwa kidole. Unaotoka ungetoka siku moja ukiwa na moto. Boksi likiwa la chuma, lenyewe pia liungwe na ardhi. Rudisha nyaya bila kuzibana na skrubu za uso.

#14 Kijana_wa_Mjini

Fundi nimejifunza, nakushukuru. Swali: unajuaje soketi ni feki ukiwa dukani?

#15 Fundi_Gerezani

Beba sumaku ndogo mfukoni. Vishikio vya ndani na sehemu za kufungia waya zinatakiwa kuwa shaba au shaba ya njano, sumaku haizishiki. Ikishika, ni chuma kilichopakwa rangi, kinapata joto na kulegea. Fanya hivyo hivyo kwa waya, na ukwangue kidogo kwa kisu: ukiona weupe ndani, ni aluminiamu iliyovikwa shaba. Chomeka plagi yako nzuri kwenye soketi kabla hujalipa. Iingie kwa kubana na isicheze. Angalia nembo ya TBS, ila usiishie hapo, nembo nayo inaigwa.

Halafu jambo linaloniuma kila ninapoingia nyumba ya mtu: ile tabia ya kusukuma kalamu kwenye tundu la ardhi ili kuingiza chaja ya pini mbili za duara. Pini hizo zina unene wa milimita 4 tu. Vishikio vimetengenezwa kwa pini bapa, kwa hiyo pini ya duara inagusa ukingo mwembamba tu, na baada ya muda inavilegeza na vifuniko vya ndani vinavunjika. Chaja ya simu inavuta kidogo, haitaunguza. Lakini siku ukirudisha pasi kwenye soketi hiyohiyo, inaungua. Nunueni adapta yenye fyuzi, na kwa friji za mitumba kutoka Ulaya badilisheni plagi yenyewe, kwa sababu adapta nyingi za bei rahisi zinaikata ardhi njiani.

#16 Binti_Chumbageni

Wakuu, nimerudi na majibu. Nilitafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, nikamwonyesha uzi huu na vipimo vyetu. Hakukasirika, alisema vimemrahisishia.

Sebuleni ni kama alivyosema Fundi_Gerezani. Nyaya tatu kwenye skrubu ya moto, mmoja umeshikwa kwenye plastiki yake. Shaba ilikuwa nyeusi ndani zaidi ya tulivyodhani, na fundi wa kwanza alikuwa amefunga soketi mpya kwenye shaba hiyohiyo. Amekata, ameongeza waya, na ile njia ya tatu ameiondoa. Ilikuwa inakwenda kwenye kibaraza kulisha friza.

Nyutro ya watoto ilikatikia kwenye soketi iliyo nyuma ya kabati, ambayo hakuna aliyekumbuka kama ipo. Iliungua kimya hadi ikakatika. Ukuta nyuma yake una doa jeusi. Nimekaa nikilitazama nikafikiria vitanda vya watoto vilivyokuwa upande wa pili.

Ardhi amechimbia mpya, na amevuta waya wa ardhi kwenye mifereji ya plastiki kama Yakhe alivyoshauri. Breka ya kitufe cha T imefungwa. Ya kauri na soketi ya duara vimeondolewa.

Sasa jambo jipya: friji likichomekwa, breka ya T inashuka baada ya muda. Vingine vyote havina shida. Je, kafunga vibaya?

#17 Fundi_Gerezani

Hapana dada, hapo ndipo ujue imefanya kazi. Friji lako lilikuwa linavuja muda wote, sasa kuna mtu anayesema. Msimwombe fundi aondoe breka, na akitokea mwingine wa kukwambia aitoe kwa sababu "inasumbua", mwonyeshe mlango.

Zingatia inashuka lini. Kama ni baada ya friji kukaa kidogo na kuanza kuyeyusha barafu, kwa friji zinazoyeyusha zenyewe, mara nyingi ni hita yake ndogo imeingia maji. Kama ni papo hapo injini inapowaka, huenda injini yenyewe imechoka. Mpe fundi wa friji taarifa hiyo, atajua pa kuanzia. Kabla ya hapo lichomeke kwenye soketi nyingine mara moja, kuhakikisha ni friji na siyo soketi ya jikoni.

Na ile breka C32: mwulize fundi kama nyaya za soketi zinazunguka na kurudi kwenye boksi au zinaishia njiani. Waya wa milimita mraba 2.5 unaozunguka na kurudi pande zote mbili unastahili ampea 32. Kama mzunguko umekatika mahali, au njia inaishia tu, waya huohuo unatakiwa breka ya 20. Kwa nyumba iliyokuwa na soketi iliyoungua hadi kukatika, mimi ningetaka apime mzunguko huo kuanzia kwenye boksi, umeme ukiwa umezimwa.

#18 StimaNyali

Nakazia hilo la mzunguko. Moto ukija upande mmoja tu, nusu ya nyaya inabeba kazi ya nyumba nzima, na kila soketi inaonekana nzima.

#19 MamaTegeta

Fundi, na mimi hita ya maji na jiko la umeme viko kwenye soketi ya kawaida. Nifanyeje?

#20 Fundi_Gerezani

Mama, soketi ya ampea 13 mwisho wake ni wati 2,990, na hiyo ni kwa soketi nzuri. Hita ya maji ipewe waya wake kutoka kwenye boksi, breka yake, na swichi yake inayokata moto na nyutro kwa pamoja, nje ya mahali maji yanaporuka. Jiko kubwa vilevile, na waya mnene zaidi, milimita mraba 6 kwa kawaida. Kiyoyozi nacho kiwe na njia yake. Leo gusa plagi ya hita baada ya kuoga: ikiwa ya moto kiasi kwamba huwezi kuishika, usiitumie tena mpaka fundi afike.

#21 Binti_Chumbageni

Fundi wa friji kaja asubuhi. Ni hita ya kuyeyushia barafu, ilikuwa na maji ndani. Kabadilisha, breka imetulia tangu hapo. Fundi umeme anarudi Jumamosi kupima mzunguko wa soketi. Nitaweka vipimo hapa.